ECG, mchoro wa umeme wa moyo, huanza kusomwa kabla mstari haujatoka: kwenu mnaoanza staji, mafunzo ya hospitalini

Kila kundi jipya likifika kwenye staji hapa Bukavu, swali la kwanza ni lilelile: "Dokta, infakti inaonekanaje?" Infakti ni sehemu ya moyo kufa kwa kukosa damu. Siwalaumu. Hata mimi nilitaka kuanzia hapo hapo. Usiku mmoja wa zamu, nikiwa bado mwanafunzi, nilipanda ngazi mbio na karatasi mkononi kwenda kumwamsha mkubwa wangu. Mzee mmoja wa mtaa wa Kadutu alikuwa analalamikia kifua, na D1 yake, mstari wa kati ya mikono miwili, yote ilikuwa imepinduka: P chini (wimbi la vyumba vya juu vya moyo), QRS chini (la vyumba vya chini), T chini (la vyumba vya chini kupumzika). Mkubwa aliitazama hata miwani hajavaa, akasema, "Rudi ukabadilishe nyaya za mikono." Waya mwekundu nilikuwa nimeufunga mkono wa kushoto, wa njano mkono wa kulia. Niliporudia, D1 ikasimama vizuri, na maumivu ya mzee yakaonekana yanatoka tumboni.

Basi ushike hili: D1 ikiwa imelala chini na aVR, mstari wa mkono wa kulia, imesimama, shuku mikono yako kwanza, kabla ya kuushuku moyo wa mtu. Wapo wachache ambao moyo wao uko kulia kweli, lakini hao R yao, kilele cha QRS, huzidi kufifia kutoka V1 hadi V6, mistari ya kifuani. Nyaya zikigeuzwa, V zote hubaki kama kawaida.

Rangi mimi nilizikariri kwa kuangalia mashamba ya chai: upande wa kushoto wa mgonjwa kuna jua juu ya majani, yaani njano mkononi na kijani mguuni. Upande wa kulia kuna moto juu ya makaa, nyekundu mkononi na nyeusi mguuni. Tahadhari moja tu. Mashine ya msaada kutoka Marekani hufuata rangi nyingine: mkono wa kulia mweupe, wa kushoto mweusi, mguu wa kulia kijani, wa kushoto mwekundu. Kwa hiyo usome herufi zilizoandikwa kwenye waya, usiiamini rangi peke yake.

Kifuani ndiko watu wengi wanakosea bila kujua. V1 na V2 zinakaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, moja kulia na moja kushoto mwa kidari, mfupa wa katikati ya kifua. Wanafunzi huzipachika juu mno kwa sababu hawahesabu. Papasa kidari mpaka ukute kigongo chake. Hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana, shuka kutoka hapo. V4 iko nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. V3 katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa wa V4 kuelekea kwapani. Kwa mama, omba ruhusa, funga pazia, uweke V4 chini ya titi. Na umweleze mapema, kwa maana wengi wanaogopa. "Dokta, hii mashini haitanipiga kuran (umeme)?" Hapana mama, hii inasikiliza tu. Anayeogopa hukaza misuli, na anayetetemeka kwa baridi ya asubuhi atakuchorea mstari unaofanana kabisa na mtetemeko wa moyo. Mfunike blanketi kwanza. Ukiona ukungu mwembamba wa vijino vinavyolingana, chomoa chaja ya simu iliyo karibu na kitanda.

Jeli ya kuunganisha waya na ngozi ikiisha, pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi inatosha. Mholanzi Willem Einthoven, aliyezipa mawimbi herufi P, Q, R, S na T na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alikuwa anawatumbukiza watu mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Sisi tuna pamba, tumeendelea.

Sasa karatasi. Angalia kona: kasi iwe milimita 25 kwa sekunde, na urefu milimita 10 kwa milivolti moja. Hapo mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa ni 0.20. Mapigo yakiwa na mpangilio, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya R na R: minne ni 75. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu QRS zote ndani ya sekunde 10, zidisha kwa 6. Kisha uliza: kila QRS ina P mbele yake? PR, mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, iwe miraba midogo 3 hadi 5. QRS isifike 3. Fuata njia hiyo kila siku, hata jicho lako likivutwa na ST, kipande cha kati ya QRS na T.

Na ST yenyewe ina ujanja. Vijana wetu wa kiume wembamba mara nyingi wana ST iliyoinuka kidogo V2 hadi V4, imebonyea kama bakuli, na hawana ugonjwa wowote. Infakti kwa kawaida huonekana kwenye derivasioni (mistari ya ECG) zinazopakana, na mara nyingi upande wa pili hushuka: D2, D3 na aVF, zinazotazama chini ya moyo, zikipanda, tazama aVL ya juu kushoto. Ukibaki na shaka, usibishane na karatasi. Rudia baada ya dakika 15, maana infakti hubadilika, ya kijana hubaki vilevile. Wala karatasi safi isikutulize kama mtu anatoka jasho na kifua kinambana.

Lakini kwa wodi zetu, ukweli ni kwamba utakutana na mengine mara nyingi zaidi. Mgonjwa wa kipindupindu aliyepoteza potasiamu: T imelala, na nyuma yake kuna kiwimbi U. Mwenye figo zilizokufa ni kinyume chake, T imechongoka kama hema, na huyo hangoji asubuhi. Dada wa miaka 25 anayehema akipanda mlima, mapigo hayana mpangilio na P haionekani: weka sikio kwenye valvu yake ya mitrali, ya upande wa kushoto wa moyo. Mwenye tensio (presha) ya miaka mingi: jumlisha kina cha S, bonde la baada ya R, ya V1 na urefu wa R ya V5 au V6, ikifika milimita 35 ukuta wa kushoto wa moyo huenda umenenepa, ingawa kipimo hicho huwasingizia vijana wembamba. Na kabla ya kumpa mtu kwinini, ile ya magome ya miti inayopandwa hapa hapa Kivu, pima QT yake, mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, kwani kwinini huirefusha.

Mwisho andika jina, umri, tarehe, saa, na kama kifua kilikuwa kinauma wakati ule. Halafu piga fotokopi, kwa sababu karatasi hii inachorwa kwa joto na mchoro wake hufifia. Yule mzee wa Kadutu alirudi baada ya miaka miwili, safari hii kifua kweli. Tulifungua faili lake tulinganishe. Karatasi ilikuwa nyeupe.