Kabla hujachota maji ya mtaro: kwa wadogo zetu wanaoanza kupima uchafuzi wa kinyesi mitaani

Wadogo zangu, kila kundi jipya likiingia kazini, wiki ya kwanza inaisha vilevile. Sampuli za mtaro zote zimeandikwa TNTC, yaani koloni (vidoa vya bakteria walioota) ni nyingi mno kuhesabika, za mboga zote sifuri, na hakuna namba hata moja ya kuingiza kwenye hesabu. Inaumiza. Sahani za kuoteshea bakteria zina bei, na mtaa mliouchotea unasubiri majibu. Kwa hiyo tuelewane mapema.

1. Mnapima watu, si mtaro. Swali letu ni kinyesi kiasi gani kinafika mdomoni, kwa njia ipi, na kwa watu wangapi. Hesabu yake mnaijua: wingi wa E. coli (bakteria anayeonyesha kuna kinyesi), mara kiasi kinachomezwa kila tukio, mara idadi ya matukio kwa mwezi. Hapo ndipo mnapata dozi, nayo haina maana bila asilimia ya watu wanaoipata. Sasa tuseme mtaro una E. coli 50,000 kwa kila mililita, na mtu anayeugusa humeza sehemu ya kumi ya mililita, mara moja kwa mwezi: dozi 5,000. Saladi yenye E. coli 1,000 kwa mlo, ikiliwa mara 20 kwa mwezi, inampa 20,000. Mtaro unanuka, saladi hainuki, lakini saladi ndiyo iliyomfikishia zaidi. Utafiti wa SaniPath, unaopima njia ambazo kinyesi huwafikia watu, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani kule Accra, Ghana, uliikuta mitaro ikiwa na uchafu mwingi kupindukia, na bado chakula, mboga mbichi zikiwamo, ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya dozi. Kwa hiyo anayetumia nguvu zote kwenye mtaro akafika sokoni jioni, mboga zimebaki mbili zilizonyauka, amejinyima njia muhimu kuliko zote.

2. Kuzimua, yaani kuipunguza makali sampuli kabla ya kuichuja. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wengi wanaangukia.

Kwa kuchuja kwenye utando, yaani karatasi-chujio inayonasa bakteria kisha ikawekwa kwenye sahani waote, sahani inayohesabika kwa uhakika ni yenye koloni 20 hadi 80. Zikizidi zinagusana, zinanyang'anyana chakula, na mbili zinaonekana moja. Zikipungua, tofauti ya koloni mbili tatu inayumbisha jibu lote. Chukueni mtaro wetu wa 50,000 kwa mililita. Ukichuja mililita 10 bila kuzimua kwa sababu "maji yalionekana meupe", umeweka bakteria laki tano kwenye karatasi yenye kipenyo cha milimita 47. Kesho yake unakuta utando wote umekuwa rangi moja. Ukichuja mililita 1 ya mzimuo wa tatu, yaani 10⁻³, sampuli iliyopunguzwa makali mara elfu, unapata koloni kama 50, na kazi imekwisha. Maji ni yaleyale na jasho ni lilelile, ila mmoja ana data na mwingine hana.

Rangi ya maji haitabiri kitu. Kabla ya wiki rasmi ya kuchota, chukueni sampuli moja au mbili za kila aina, mzifanyie mizimuo mitano mfululizo, muone wapi inaangukia kati ya 20 na 80. Kisha kwenye kazi yenyewe kila sampuli ipewe mizimuo mitatu: uliotarajiwa, mmoja juu yake na mmoja chini yake. Mvua kubwa ikinyesha, msiutegemee mpango wa wiki iliyopita. Mvua inaweza kuyapunguza makali maji ya mtaro, na inaweza pia kuzoa kinyesi kilichokuwa kimelala vyooni na uani.

Mikono nayo ina makosa yake. Kila hatua ni mililita 1 ndani ya mililita 9 za bafa (maji tasa ya kuzimulia, yasiyodhuru bakteria), tikisa vizuri, kisha pipeti mpya. Anayetumia pipeti moja tangu mwanzo hadi mwisho anabeba uchafu wa chupa ya kwanza hadi ya nne. Kumgundua ni rahisi: sahani ya 10⁻³ ina 50, ya 10⁻⁴ ilitakiwa iwe na kama 5, lakini ina 30. Ukiona hivyo usichague ile inayokupendeza. Rudia kama sampuli bado iko ndani ya muda, au andika kwamba imeharibika. Ukichuja kiasi kidogo kama mililita 1, tangulia kumimina mililita 20 au 30 za bafa safi kwenye faneli ili bakteria watawanyike, la sivyo koloni zote zinajazana upande mmoja. Na anza kuchuja mzimuo mwepesi ukielekea ule mzito, kamwe usianzie kwenye mzito.

Halafu hii sifuri. Ukichuja mililita 100 za maji ya bomba usione kitu, andika "chini ya 1 kwa mililita 100". Lakini ukichuja mililita 1 ya 10⁻³ usione kitu, kilichopita kwenye utando ni elfu moja ya mililita tu ya maji halisi. Jibu lake ni "chini ya 100,000 kwa mililita 100", na hayo si maji safi hata kidogo. TNTC nayo msiifute wala msiache nafasi wazi. Andikeni kiasi, mzimuo, na kwamba jibu ni kubwa kuliko 80 kwa mzimuo huo. Mkiifuta, mmeondoa sampuli chafu kuliko zote, na mtaa mzima unaonekana salama kwenye ripoti.

3. Chota kama wenyeji wanavyochota. Wanakunywa kupitia mpira uliofungwa bombani? Chukua kwenye mpira. Mfuko wa maji ya bomba uwe na sodiamu thiosalfeti, la sivyo klorini inaendelea kuua bakteria ndani ya boksi la barafu, na maji yanafika maabara yakiwa masafi kuliko yalivyomfikia mnywaji. Klorini huru ipimeni palepale, haisubiri safari. Mboga nunueni kama mteja, muuzaji azishike kwa mkono wake na kuzinyunyizia maji yake, ndipo ziingie kwenye mfuko wenu tasa. Pimeni uzito kabla ya kumimina bafa. Msizisuuze! Chooni, pangusieni pale mikono inapogusa: kitasa, komeo, kopo la maji. Sakafu peke yake haitoshi.

4. Sampuli zikae kwenye baridi bila kuganda, zichujwe ndani ya saa 6. Lebo iandikwe kabla ya kuchota, kwa maka isiyofutika na maji. Blanki kila siku, yaani bafa tupu ichujwe kama sampuli, kuona kama uchafu unatoka kwetu wenyewe. Chanjo ya homa ya matumbo mpate kabla, si baada.

5. Dodoso si kazi ndogo kuliko maabara, ingawa ndiyo mnayoikimbiza. Ukimuuliza mama "mtoto wako anachezea mtaroni?" atasema hapana, na mama yeyote angesema hivyo. Muulize mwezi uliopita mtoto aligusa maji ya mtaro mara ngapi, hata kwa kuokota mpira: zaidi ya kumi, sita hadi kumi, moja hadi tano, au hakuna. Swali la mtu mzima liulizwe peke yake, la mtoto peke yake. "Sijui" isigeuzwe kuwa "hakuna". Kwenye vikundi, watu wakinyoosha mikono wakiwa wanatazamana, watafuata mkono wa mwenyekiti, kwa hiyo waombeni wafumbe macho. Na msizunguke kaya asubuhi tu, mtawakosa wote wanaokula barabarani.

6. Siku ya kurudisha matokeo kwa wakazi, onyesheni dozi na asilimia ya watu kwenye picha moja, wakubwa huku, watoto kule. Jina la muuza mboga lisitajwe, hata kwa fumbo. Sampuli kumi za soko zinaeleza soko, hazimhukumu mama mmoja mwenye meza, na uchafu wa mboga zake huenda ulianzia shambani kwenye maji ya kumwagilia.