Tuzo ya CMA ikitoka, uliza kila shilingi inalipia nini

Siku tuzo yangu, yaani uamuzi wa kesi yangu ya kuachishwa kazi isivyo halali, iliposomwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), nilipiga simu nyumbani kabla sijamaliza kushuka ngazi. Mishahara ya miezi 12, kiwango cha chini kabisa kisheria wakati ule: milioni 21 na laki 6. Juu yake notisi, likizo, kiinua mgongo na nauli ya kunirudisha Tabora nilikoajiriwa. Mwajiri akaomba marejeo Mahakama Kuu, akashindwa, na riba ya asilimia 7 kwa mwaka ikaongezeka. Fedha ile nilishaipangia yote: ada za watoto, bati, deni la kaka.

Malipo yalipoingia, asilimia 30 haikuwepo. Niliamini nimedhulumiwa. Nikaenda kwa wakili nimefura, nikitaka tukaze tuzo upya, yaani mahakama imlazimishe mwajiri alipe kilichobaki.

Wakili akanifungulia Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Malipo ya kuachishwa kazi yamo ndani ya mapato ya ajira, kwa hiyo mwajiri lazima akate PAYE, kodi ya mshahara, na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Iliniuma, lakini nilielewa: fidia ile imekaa mahali pa mshahara, na mshahara ungekatwa. Aliyevunjwa mguu akalipwa kwa ajili ya maumivu yake, habari yake ni nyingine kabisa, maana maumivu si mapato.

Ila kulikuwa na kosa. Walikata asilimia 30 kwenye jumla yote, nauli na riba zikiwemo. Nauli halisi ya kumrudisha mfanyakazi alikotoka si mshahara. Riba nayo ina kodi yake ya zuio, inayokatwa na mlipaji kabla hujalipwa, asilimia 10. Tuliandika barua tatu ndipo tofauti ikarudishwa. Chanzo kilikuwa tuzo yenyewe: mwishoni ilitaja jumla moja tu, na mhasibu akakata kwenye jumla hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu uliye na kesi, mwombe mwakilishi wako adai kila kipengele kiandikwe na tarakimu yake. Mkimalizana kwenye usuluhishi, usisaini kabla mkataba haujasema kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi. Hapo ndipo wengi wanaumia, kwa sababu mtu anakubali milioni 10 akili ikiwa kwenye milioni 10 mkononi. Na mwajiri akisema amekata kodi, dai uthibitisho kwamba imefika TRA. Bila karatasi hiyo hujui kama fedha yako imekwenda serikalini au imebaki kwake.

Halafu zungumza na wakili mapema kuhusu ujira wake. Mimi nilikubali asilimia 10 ya tuzo bila kuuliza zaidi. Ikahesabiwa kabla ya kodi, nikamlipa hata kwa fedha zilizokwenda TRA, ambazo sikuwahi kuzishika.