Msikiti wa Kizimkazi una umri gani?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ulijengwa mwaka 1107. Nilipofika huko nilikuta jengo dogo lenye paa la bati, nami sikuingia ndani. Je, tarehe hiyo ni ya kweli? Na wenyeji waliishi kwa kazi gani kabla ya watalii kuanza kwenda kutazama pomboo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, tarehe ni ya kweli, ila ushahidi wake umo ndani. Kwenye ukuta wa kibla, penye mihrabu, yapo maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, herufi zake zikiwa zimerembwa kwa nakshi, nayo yanataja mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Jiwe la aina hiyo huchongwa likiwa bichi, mara tu linapotolewa baharini, kwa kuwa likishakauka huwa gumu. Kwa hiyo fundi aliyeifanya kazi ile alihitaji mkono mwepesi na usiokosea.

Kuta unazoziona nje zilijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1770, na bati ni la juzi tu. Kwangu mimi hilo si jambo la kusikitikia hata kidogo. Kaole, karibu na Bagamoyo, msikiti wa kale umebaki gofu. Wa Dimbani ungali unasaliwa, na waumini wake wamekuwa wakiukarabati kwa vifaa vya zama zao.

Ama kuhusu kazi, ardhi ya huko ni ya mawe na udongo wake ni haba, hivyo tegemeo kubwa lilikuwa uvuvi. Pomboo nao waliwindwa, na nyama yao ikatumika kuwa chambo cha papa. Mapema miaka ya 1990 watalii walianza kupelekwa kuwatazama, uwindaji ukakoma katikati ya muongo huo, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Siku hizi tatizo ni boti: watafiti wamebaini kwamba pomboo wanaozongwa na boti hupumzika kidogo kuliko kawaida. Ukirudi huko, mwombe nahodha asiwakatizie njia wala asiwafuate kwa kasi.