Dalali kakupa notisi ya siku 14: ombi la kusitisha unafungua wapi, na siku zako zimeanza lini

Mkuu, nimekuelewa hivi: hukumu ya Mahakama Kuu imekuangukia, notisi ya rufaa umeshaiweka, sasa dalali wa mahakama amekuletea notisi ya siku 14 na unataka kurudi Mahakama Kuu kuomba usitishwaji. Usirudi huko. Notisi ya rufaa ikishawekwa, Mahakama Kuu haina tena mamlaka ya kusitisha utekelezaji wa tuzo hiyo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hili kwenye shauri la Aero Helicopter, [1990] TLR 142 (TLR ni ripoti za kesi za Tanzania). Wakati huohuo, notisi ya rufaa peke yake haimzuii dalali kuuza mali.

Ombi lako ni la Mahakama ya Rufani, chini ya Kanuni ya 11 ya Kanuni zake za 2009 pamoja na marekebisho yake. Muda ni siku 14, na hapa ndipo wengi wanapozama. Siku hizo hazihusiani na zile alizokuandikia dalali. Zinaanza siku uliyopokea notisi ya utekelezaji, au siku uliyojua kwa njia nyingine kwamba mshinda tuzo amefungua maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Kwa kawaida, kabla dalali hajateuliwa, mdaiwa hupelekewa wito aje aeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Kama wito huo uliusaini wewe au wakili wako wiki tatu zilizopita, muda umekwisha hata kama notisi ya dalali ni ya jana. Kachungulie jalada la maombi ya kukazia leo, uone tarehe ya kupokea na nani alisaini.

Ukikuta umechelewa, usifungue ombi la usitishwaji hivyohivyo. Tangulia na ombi la kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 10, na kiapo chako kieleze kila siku ya kuchelewa. Kuandika tu kwamba "wakili alikuwa safari" hakukusaidii.

Na wapo wanaokimbilia Mahakama ya Rufani mapema mno, maombi ya kukazia yakiwa bado hayajafunguliwa. Hilo nalo linagonga mwamba, kwa sababu ombi lazima liambatane na nakala za nyaraka nne: notisi ya rufaa, hukumu, tuzo na notisi ya utekelezaji. Ikikosekana moja, tarajia pingamizi. Pia hukumu iliyotupa tu kesi yako haina cha kusitishwa.

Kiapo ndicho kinachobeba ombi. Lazima uonyeshe hasara kubwa utakayopata, kwa maelezo mahsusi: mali ipi inakamatwa, ina kazi gani, na ukishinda rufaa kwa nini itakuwa vigumu kurudishiwa. Kunakili maneno ya kanuni kwamba "nitapata hasara kubwa" hakutoshi. Halafu dhamana. Wengi wanaisahau kabisa, na bila hiyo amri haitolewi. Si lazima uwe nayo mkononi siku ya kufungua, tangu shauri la Mantrac Tanzania (Maombi ya Madai Na. 11 ya 2010) ahadi thabiti ya kuitoa inaweza kukubalika, mahakama ikakupangia muda. Lakini iandike ndani ya kiapo, na utaje ni dhamana gani: ya benki, au hati ya nyumba yenye tathmini. Ukipangiwa muda ukaupitisha, kinga yako imekwisha.

Kwa kuwa dalali yuko mlangoni, fungua kwa hati ya dharura (ya kuomba usikilizwe haraka) na uombe amri ya muda ya upande mmoja, yaani inayotolewa kabla mpinzani wako hajasikilizwa.

Kwa wanaosoma wenye hukumu za Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, njia ni nyingine: Amri ya XXXIX Kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Mahakama iliyotoa tuzo inaweza kusitisha kabla muda wa rufaa haujaisha. Rufaa ikishafunguliwa, omba Mahakama Kuu.

Amri ikitoka, usiiache kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama ukidhani itafika yenyewe. Peleka nakala siku hiyohiyo kwa Naibu Msajili anayesimamia utekelezaji na kwa dalali, wote wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe na saa.