"Pick up" si kuokota tu: kwa wafasiri wapya

Vijana wangu, mkinitumia tena ripoti ya biashara yenye "mauzo yaliokotwa" mahali pa "sales picked up", nitairudisha. Naandika haya kwa sababu nawapenda, na kosa lenyewe lina dawa.

1. Kabla ya kufasiri "pick up", tazama shamirisho, yaani kile kinachotendewa kitendo, maana ndilo linaloamua. Sarafu sakafuni unaiokota, mtoto anayelia unamnyanyua, simu unaipokea, mgeni uwanja wa ndege unamfuata. Mafua unaambukizwa, mawimbi ya redio yananaswa, na bili ya wenzako hotelini unailipa. Pasipo shamirisho, biashara imechangamka au upepo umezidi. "Yaliokotwa" huzaliwa hapo: mfasiri ameona kitenzi, hakuona kwamba hakuna kinachookotwa, kisha akabandika kauli ya kutendwa ambayo matini chanzi, yaani ya Kiingereza, haina.

2. Msilidondoshe "up". Hili ndilo linaloniuma zaidi, nalo hutokea mnapofasiri kwenda Kiingereza. Nairobi au Dar ukisema "I'll pick you at six", kila mtu anajua atafuatwa. Msomaji wa London husoma "pick" akaona kuchagua, au kuchuma matunda. Basi ratiba ikiandikwa "The driver will pick three delegates at the airport", mgeni anajiuliza ni wajumbe watatu gani watakaoteuliwa, na waliobaki wasafiri na nini. Kosa hili ni sugu kwa sababu sentensi haina kasoro ya sarufi: kompyuta haipigi mstari mwekundu, na mhariri aliyekulia Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki hulipita bila kusita. Kabla ya kuwasilisha kazi, tafuta kila "pick" kwenye faili, moja baada ya jingine. Ni kuchagua? Liache. Ni kwenda kumchukua mtu au kitu? Ongeza "up". Na "pick my call" igeuze iwe "answer my call".

3. Kiwakilishi hukaa katikati: "pick her up". Ukiandika "pick up her", msomaji anangoja nomino, kama vile mkoba wake.

4. "Pickup" ikiwa neno moja ni nomino. Huenda ni pikapu, gari lenyewe, lakini "pickup time" ni saa ya kufuatwa. Na ikiandikwa "6 p.m.", mwandikieni abiria saa 12 jioni.