Mama Fundi Anajibu: Porsche kwa bei ya Harrier

Swali: Shikamoo mama fundi. Nina miaka 34, nimejibana nimepata akiba. Kuna Porsche Cayman S ya 2007, imetoka Japani, ina kilomita 81,000. Muuzaji anataka hela ileile ambayo rafiki yangu amenunulia Harrier. Hii ni bahati au mtego?
*Msomaji, Mbezi Beach*

Jibu: Marahaba mwanangu. Injini umeiona? Sikutanii. Siku Cayman ya kwanza ilipoingia gerejini kwangu, kijana wangu wa kazi alifungua boneti akakuta sehemu ya kuwekea begi. Akazunguka nyuma, akakuta buti jingine. Akanigeukia spana mkononi: "Mama, hili limekuja bila injini?" Injini iko katikati, mgongoni kwa dereva, imefunikwa, na kazi zake nyingi unazifanyia chini ya gari. Kwa hiyo anayekwambia "injini safi, nimeiangalia mwenyewe", muulize ameiangalia akipitia wapi.

Bei ya gari hushuka kadiri linavyozeeka. Spea zake hazina habari hiyo. Cayman S lilitoka kiwandani likiwa gari la wenye nazo, na leo hii ukiagiza pampu ya maji au kalipa ya breki unalipishwa kama mmoja wao. Harrier ya rafiki yako ikiharibika jioni, asubuhi spea iko Kariakoo, mpya au ya mtumba. Ya kwako utaisubiri kwa ndege.

Ugonjwa wa injini hii ya lita 3.4 uko kwenye silinda. Hazina slivu, yaani mabomba ya chuma yanayovikwa ndani ya silinda. Kuta zake ni aluminiamu yenye chembe za silikoni, na zikianza kuchoka pistoni huzikwaruza. Utasikia tik-tik injini ikishapata moto, gari litaanza kunywa oili, na mdomo wa ekzosi utajaa masizi. Ukuta ukishakwaruzika, ringi mpya hazikusaidii kitu, ni kufumua injini nzima na kutengeneza bloku. Uingereza, ambako kuna karakana zinazofanya kazi hiyo tu, bili inapita paundi 10,000, na hapo hujasafirisha chochote.

Watu watakutisha pia na beringi ya shafti ya kati, ile wanayoiita IMS, inayozungusha cheni za injini. Ni kweli imeua injini za ndugu zake wa Porsche, Boxster na 911, hasa za kuanzia 2000 hadi 2005. Ya 2007 ina beringi kubwa zaidi na hufa mara chache, ila ukitaka kuibadilisha lazima upasue injini. Mwaka 2009 Porsche walileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa, ndiyo maana gari za kuanzia hapo wenyewe wanazishikia bei. Mimi ningekuwa wewe, ningebana miaka miwili mingine nisubiri hiyo.

Najua husikii. Basi kabla ya kulipa, omba oili imwagwe na filta ikatwe. Mwezi uliopita nilikata ya Boxster moja. Ni karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kikombe cha plastiki. Naikata kwa wembe, naikunjua mkunjo kwa mkunjo juani, halafu napitisha sumaku. Vinavyorukia sumaku ni chuma, huenda kuna beringi inaliwa. Vinavyong'aa na havirukii ni aluminiamu. Vipande vya plastiki ya kahawia ni vya reli zinazoongoza cheni za injini. Ile sumaku ilitoka na manyoya kama ndevu za mbuzi. Mwenye gari alikuwa ameleta AC iongezwe gesi.

Kisha silinda zipigwe kamera. Wengi huchungulia kupitia tundu za plagi, lakini mikwaruzo mingi huanzia chini, kwa hiyo ni bora sampu, bakuli la oili chini ya injini, ishushwe uchungulie kwa huko. Muuzaji akikataa kamera, mwachie gari lake.

Mengine ni madogo, yaani madogo kwa kipimo cha Porsche. Rejeta zimekaa pembeni ndani ya bampa la mbele na zinazoa takataka; nimewahi kutoa nusu ndoo ya majani ya mwarobaini, na kondensa ya AC nyuma ya majani hayo imeshaoza. Tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, usifikirie kuzibadilishana. Na kama bei uliyotajiwa ni kabla ya kodi za TRA, rudi nyuma hatua tatu: gari hilo limeshapita miaka 8, lina ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Kama limeshalipiwa na kadi ipo, weka kando theluthi ya bei ya kununulia, usiiguse hata kwa harusi. Huna hiyo theluthi? Chukua Harrier, mwanangu.

Swali: Dada fundi, nimenunua Audi TT ya mkononi hapa Dar, nikapewa waranti ya miezi 3 ya "injini na giaboksi". Wiki ya saba gia zikagoma, herufi zote za gia zinawaka kwenye dashibodi. Muuzaji anasema kilichokufa ni kompyuta ya gia, si giaboksi. Nifanyeje?
*Kaka yako, Tabata*

Jibu: Pole kaka. Kwenye giaboksi ya klachi mbili ya TT yako, kifaa anachokiita kompyuta kimefungwa ndani ya ganda la giaboksi na kinaogelea kwenye oili yake. Huwezi kukitoa bila kumwaga oili ya gia. Sasa akueleze kinakuwaje si giaboksi.

Lakini soma karatasi kwanza. Kama kuna mstari unaosema "isipokuwa vifaa vya umeme", kazi itakuwa ngumu. Kama haupo, pima gari kwa mashine, chukua majibu yaliyochapishwa yenye tarehe, umwandikie barua, usipige simu tu. Usiruhusu fundi mwingine afungue chochote, maana jibu lake la pili litakuwa "mmeshaichokonoa". Jiandae pia kuulizwa oili ya gia ilibadilishwa lini. Hizo hutaka mpya kila kilomita 60,000. Akikaza, kuna Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, na kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mnunuzi. Zaidi ya hapo tafuta mwanasheria, mimi ni wa spana.

Swali: Mwanangu, mimi ni mstaafu, nina Mercedes SL500 ya 2004. Fundi wa hapa mtaani anataka kunibadilishia pedi za breki kwa bei nzuri. Unasemaje?
*Mzee wa Upanga*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Asiguse bado. Breki za gari lako zinaendeshwa na pampu ya umeme, mfumo wa SBC, na pampu hiyo huamka yenyewe mtu akifungua tu mlango au akibonyeza rimoti. Ikiamka pedi zikiwa zimetolewa, pistoni za kalipa zinasukumwa kwa nguvu ya kuvunja vidole. Lazima mfumo uzimwe kwa mashine kwanza, ndipo tairi zitolewe. Muulize kama anayo mashine ya kuzima SBC. Akikuuliza SBC ni nini, mpe soda na nauli, na ufunguo ubaki mfukoni mwako.