Daktari atibu tumbo tu, au aulize na ya nyumbani?

Mleta mada, binti wa miaka 15 amekuja mara tatu na maumivu ya tumbo, vipimo vyote safi, ukamuuliza habari za nyumbani. Mkubwa wako kazini akakwambia hayo si ya daktari. Hukukosea. Mimi nilikaa kimya, na aliyeumia ni mgonjwa wangu.

Alikuwa na miaka 16, kisukari aina ya kwanza. Alilazwa mara tatu ndani ya miezi michache, sukari iko juu, damu imejaa asidi, anahema kwa kasi. Kila mara nilimpandishia dozi ya insulini, nikamhubiria, nikamruhusu. Mara ya tatu muuguzi ndiye aliyemuuliza: "Mwanangu, jioni unakaa na nani?" Hakuna mtu. Alikuwa anapika na kulaza wadogo zake wawili, na sindano anairuka kwa kuogopa sukari isije ikashuka usiku, azimie, watoto wabaki peke yao. Dozi niliyokuwa naipandisha wala haikuwa inaingia mwilini.

Tangu hapo kila kijana namtengea dakika chache bila mzazi. Naanza na mepesi, nyumbani, shule, marafiki, ndipo nafika kwenye vileo, mapenzi na mawazo ya kujiua. Madaktari wa vijana wana mwongozo wa maswali hayo, HEADSS, uliochapishwa 1988. Usiogope swali la kujiua, halimpandikizii mtu wazo.

Ila kabla hajasema lolote, mweleze mpaka wa siri: akiwa hatarini kujidhuru, kumdhuru mwingine, au kuna anayemtendea ukatili, itabidi umshirikishe mtu wa kumlinda, na utamwambia yeye kwanza. Niliwahi kumwahidi kijana siri kamili, ikanilazimu kuivunja. Hakurudi tena kwangu.

Rufaa nayo usimkabidhi karatasi akaondoka nayo. Mpigie afisa ustawi wa jamii kijana akiwa ameketi hapo hapo, asikie sauti ya mtu atakayekutana naye. Yule wangu wa kisukari, ustawi walimpata shangazi wa kulala pale nyumbani, nasi tukapanga upya sindano ya usiku. Akaanza kuchoma.

Huyo binti mpe tarehe ya kurudi hata tumbo likitulia, na siku hiyo uwepo wewe mwenyewe, asikute daktari mgeni.